Siku 37 kutoka Sarajevo hadi London: nani hasa aliiwasha Vita Kuu ya 1914?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu kaniletea daftari lake la historia. Ukurasa una kichwa "Sababu za Vita Kuu ya Kwanza", chini yake nambari moja hadi nane: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, utaifa, makoloni, mgogoro wa Moroko, na kuendelea, na mkiani kabisa "kuuawa kwa mrithi wa kiti cha Austria". Ni orodha ileile niliyokaririshwa mimi enzi zangu, na nikapata alama zangu kamili. Nikamuuliza, sasa katika hizo nane, ipi ilitia saini? Akabaki ananitazama.

Orodha ile haina uongo. Kinachonikera ni kwamba haina watu. Ukiisoma utadhani vita ilikuja kama masika: mawingu yakatanda, ikanyesha, basi. Vita ya 1914 iliamuliwa na watu ambao ungewapakia wote kwenye daladala moja na konda akabaki na nafasi, na waliiamua kati ya Juni 28 na Agosti 4. Siku 37. Nataka tuzipitie. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Sarajevo, Jumapili asubuhi

Juni 28, 1914. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, yuko Sarajevo na mkewe Sophie ndani ya gari la wazi. Bosnia ilikuwa mikononi mwa Austria tangu 1878, na mwaka 1908 ikatangazwa rasmi kuwa mali ya dola hiyo. Waserbia, ndani ya Bosnia na ng'ambo ya mpaka, hawakulimeza hilo. Na siku yenyewe ni Vidovdan, siku ambayo Mserbia hukumbuka vita ya Kosovo ya 1389. Kuchagua siku hiyo kwa msafara wa mwana wa mfalme wa kigeni, mimi naita kiburi.

Vijana wenye silaha wamejipanga kando ya mto Miljacka. Wa kwanza kuthubutu, Čabrinović, anarusha bomu, linalipukia gari la nyuma. Anameza sumu, sumu inamtapisha tu. Anajirusha mtoni, na mto wenyewe wakati wa kiangazi ni wa kulowesha miguu. Anakamatwa.

Msafara unafika ukumbi wa mji, mrithi amefura kwa hasira, meya naye anasoma hotuba yake ya kumkaribisha kama vile hakuna lililotokea. Baadaye mrithi anasema twende hospitali tukawaone majeruhi. Njia inabadilishwa. Dereva hakuambiwa! Anakata kona ya zamani, karibu na Daraja la Walatini, gavana anamkaripia kwamba njia si hiyo, gari linasimama. Hatua chache tu kutoka hapo amesimama Gavrilo Princip, miaka 19. Risasi mbili. Kabla ya saa sita mchana mume na mke wote wamekufa.

(Ile hadithi kwamba Princip alikuwa dukani anakula sandwichi ni ya kutunga. Tafadhali tusiilete humu.)

Sasa jambo ambalo daftari la kijana wangu halina: aliyeuawa ndiye aliyekuwa breki. Mkuu wa majeshi ya Austria, Conrad von Hötzendorf, alikuwa kila mwaka anaomba ruhusa ya kuipiga Serbia, na mmoja wa waliokuwa wakimzuia kwa nguvu alikuwa Franz Ferdinand. Alijua kuigusa Serbia ni kuigusa Urusi, mlinzi wake. Siku alipokufa, Vienna ilipata sababu ya vita na ikaondokewa na mzuiaji kwa mkupuo mmoja.

Naendelea, msinikatize kwanza.

#2 Chuma cha Reli

Nipo siti ya mbele, mkuu. Tiririka.

#3 Mleta uzi

Dhamana ya Potsdam

Austria peke yake isingethubutu. Ikatuma mjumbe Berlin. Julai 5, balozi wa Austria alikula chakula cha mchana na Kaizari Wilhelm II kule Potsdam, na Kaizari akamwambia Ujerumani itasimama nanyi, hata Urusi ikiingilia. Kesho yake Kansela Bethmann Hollweg akathibitisha. Kisha Kaizari akapanda merikebu yake kwenda kupunga upepo wa Norwei, kama alivyozoea kila kiangazi.

Waliowahi kumdhamini mtu mkopo wa kikundi wananielewa. Jamaa anakuja na fomu, kiwango hakijajazwa, anasema weka tu sahihi mkuu, mimi nitajaza baadaye. Ukaweka. Ndicho Berlin ilichofanya, na ndiyo maana siwezi kuiondoa kwenye orodha ya washtakiwa wakuu.

Kwa nini walithubutu? Hofu. Urusi ilikuwa imepigwa na Japani 1904–1905 ikalala chini, lakini ilikuwa inainuka, inajenga reli kwa mikopo ya Ufaransa, na mpango wake mkubwa wa jeshi ulitarajiwa kukamilika 1917. Majenerali wa Berlin wakapiga hesabu: tukipigana leo tunashinda, tukingoja miaka mitatu tumekwisha. Tangu Desemba 1912, mbele ya Kaizari, Moltke, mkuu wa majeshi, alikwishasema kama vita haikwepeki basi heri ije mapema. Admirali Tirpitz yeye akaomba mwaka mmoja na nusu zaidi kwa ajili ya jeshi la majini. Wengine wanapiga hesabu kwamba mwaka mmoja na nusu kutoka hapo ni Juni 1914, wanasema mpango ulikuwa umekamilika. Mimi sifiki huko, kikao kile hakikutoka na uamuzi. Lakini kinaonyesha vichwa vilivyokuwa vinawaza nini.

Wanajeshi wako shambani

Hapa ndipo panaponiuma. Baada ya mauaji, Ulaya nzima iliihurumia Austria. Ingeipiga Serbia wiki ileile, huenda wengi wangekuna vichwa tu wakanyamaza. Haikuweza. Sehemu kubwa ya askari wake walikuwa likizo ya mavuno hadi karibu Julai 25. Nchi ya wakulima ile, ngano imeiva, askari wamerudi kwao na mundu mkononi. Ukiwaita ghafla, umeharibu mavuno na umewashtua jirani wote.

Tena waziri mkuu wa Hungaria, Tisza, alipinga vita hadi Julai 14. Na rais wa Ufaransa, Poincaré, alikuwa mgeni wa Tsar, mfalme wa Urusi, kule St. Petersburg Julai 20 hadi 23. Vienna ikaona tungoje aondoke, wasije wakashauriana uso kwa uso. Poincaré akapanda manowari jioni ya Julai 23. Jioni hiyohiyo, saa kumi na mbili, balozi wa Austria akakabidhi barua Belgrade, mji mkuu wa Serbia: masharti kumi, majibu ndani ya saa 48.

Huruma ilikuwa imekwisha zamani. Barua iliyokaa karibu wiki nne jikoni haiwezi kuonekana ya uchungu.

Sharti lililowakwamisha Waserbia ni la sita, kwamba maofisa wa Austria washiriki uchunguzi ndani ya ardhi ya Serbia. Yale mengine waliyakubali, mengine kwa kuzungukazunguka. Na tusiwasafishe: mkuu wa ujasusi wa jeshi lao, Dimitrijević, ndiye aliyekuwa nyuma ya Mkono Mweusi, kundi lililowapa wale vijana silaha. Wachunguzi wa Vienna wangefukua nini, alijua mwenyewe.

Julai 25, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, waziri mkuu Pašić akapeleka jibu kwa mkono wake. Balozi akalipitisha macho, akakuta halijakubali yote, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa kwenye treni na mizigo yake. Mizigo ilikuwa imefungwa tayari.

Kaizari aliporudi kutoka Norwei akalisoma jibu lile asubuhi ya Julai 28, akaandika pembeni kwamba sababu yote ya vita imeondoka. Siku hiyohiyo Austria ikatangaza vita. Kwa telegramu.

#4 Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, heshima yako, lakini unatuharibia watoto. Miungano ndiyo iliyowaburuza. Ujerumani na Austria 1879, Italia ikaongezeka 1882, Ufaransa na Urusi 1894, Uingereza na Ufaransa 1904, Uingereza na Urusi 1907. Mmoja akianguka wote wanaanguka, kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba moja. Hao mawaziri wako walikuwa wanafuata mikataba.

#5 Mleta uzi

Mwalimu shikamoo, umeshusha miaka yote bila kosa. Lakini nieleze Italia. Ilikuwa ndani ya muungano na Ujerumani na Austria kwa zaidi ya miaka thelathini. Agosti 1914 ikasema mkataba wetu ni wa kujilinda, ninyi mmeshambulia, sisi hatumo. Mei 1915 ikaingia vitani upande wa pili! Kamba ile haikumburuza Mwitaliano hata hatua moja.

Na Uingereza ile ya 1904 na 1907 haikuwa na mkataba wa kupigana. Yalikuwa maelewano ya kumaliza ugomvi wa Misri, Moroko, Uajemi na Afghanistan. Julai 24, baraza lao la mawaziri lilikuwa linabishana mpaka wa wilaya za Fermanagh na Tyrone kule Ireland, ndipo waziri wa mambo ya nje, Edward Grey, akawasomea barua ya Austria. Wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba kuna jambo. Na Paris je? Magazeti yao mwezi ule yalijaa kesi ya Madame Caillaux, mke wa waziri aliyempiga risasi mhariri wa gazeti. Aliachiwa huru Julai 28. Siku ya vita!

Mkataba unakupa sababu ya kwenda. Kwenda kwenyewe unakwenda kwa miguu yako.

#6 Ng'ombe wa Maskini

Mnazunguka sana. Ni ubeberu. Mabeberu waligombania makoloni na masoko, wakavurugana, wakaja kutumaliza na sisi. Hayo ya madereva kukosea kona ni hadithi za kulalia.

#7 Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ni nzito kuliko zote na nitaijibu kwa adabu.

Moroko mwaka 1905 na 1911 ni kweli iliwafikisha pabaya, na iliwafanya Waingereza na Wafaransa kushikana zaidi. Lakini tazama ilipofika 1914. Mwaka 1913 London na Berlin walikuwa wameandika rasimu ya namna ya kugawana makoloni ya Mreno iwapo atashindwa kuyashika. Juni 15, 1914, wakafikia makubaliano juu ya reli ya Baghdad. Siku ya mauaji, manowari za Uingereza zilikuwa wageni kwenye bandari ya Kiel, mabaharia wanakunywa pamoja na Wajerumani. Juu ya makoloni, hawa wawili mwaka ule walikuwa wanaelewana kuliko miaka kumi nyuma.

Ugomvi uliolipuka ulikuwa wa Balkan. Bismarck mwenyewe, mwaka 1888, msafiri mmoja alipomsifia Afrika, alimjibu kwamba ramani yake ya Afrika iko Ulaya: huku Urusi, huku Ufaransa, sisi katikati.

Ila makoloni yaliingia vita ilipokwisha anza. Septemba 9, 1914, Bethmann Hollweg aliidhinisha rasimu ya malengo ya vita, na ndani yake mna dola kubwa ya Kijerumani katikati ya Afrika. Kwa hiyo ubeberu upo. Nauweka kwenye meza ya kugawana nyama. Kisu kilichochinja kilishikwa kwingine.

#8 Chuma cha Reli

Rudi kwenye treni mkuu. Nimekula mshahara wa reli miaka 22, nasikia ratiba za treni zilichangia. Kweli?

#9 Mleta uzi

Wewe ndiye nilikuwa nakungoja.

Ujerumani ilikuwa na mpango mmoja tu wa vita kubwa, uliorithiwa kwa Schlieffen, mkuu wa majeshi aliyestaafu mwishoni mwa 1905. Kwa kuwa Urusi ni pana na inachelewa kukusanya jeshi, basi iporomoshe Ufaransa kwanza ndani ya wiki kama sita kwa kupitia Ubelgiji, kisha pakia jeshi kwenye treni ulirushe mashariki. Maana yake, siku Urusi inapoanza kukusanya askari, saa ya Berlin inaanza kukimbia. Kwa nchi nyingine, kukusanya jeshi ni kutishia. Kwa Ujerumani ilikuwa ni vita.

Sasa nenda St. Petersburg. Julai 29 Tsar Nicholas anatia saini amri ya kukusanya jeshi lote. Usiku inafika telegramu ya binamu yake Kaizari (walikuwa wakiandikiana kwa Kiingereza, "Willy" na "Nicky"), roho inamsuta, anaifuta. Majenerali wanachanganyikiwa, kwa sababu hawakuwa na mpango wa kukusanya nusu ya jeshi bila kuivuruga nusu nyingine. Julai 30 alasiri, waziri wake wa mambo ya nje, Sazonov, anamshawishi tena, Tsar anakubali. Sazonov anampigia simu mkuu wa majeshi, Yanushkevich. Huyu alikuwa ameahidi kwamba akishapata amri hiyo, ataivunja simu yake asipatikane tena, Tsar asije akageuza mawazo mara ya pili.

Ile simu ya zamani ya waya, wakuu. Dunia ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake.

Siku hiyohiyo Vienna inapokea ujumbe wa aina mbili kutoka Berlin: Kansela anasema punguzeni kasi, Moltke anasema kusanyeni jeshi sasa. Waziri wa Austria, Berchtold, akauliza: kwani Berlin anatawala nani?

Agosti 1, Ujerumani inatangaza vita dhidi ya Urusi. Jioni inaingia telegramu ya balozi wao London, inaonekana kama Uingereza haitaingia ikiwa Ufaransa haitaguswa. Kaizari anafurahi, anaagiza shampeni, anamwambia Moltke: basi, jeshi lote ligeuzwe, liende mashariki. Moltke anajibu haiwezekani. Ratiba imepangwa kwa mwaka mzima, ukigeuza utapata kundi la watu wenye bunduki wasio na chakula.

#10 Chuma cha Reli

Hapo namtetea Moltke. Treni moja ya mizigo ukiibadilishia njia ghafla unawapigia simu mastesheni masta wote wa mbele, unatafuta wapi zitapishana, injini itapata wapi maji, madereva watabadilishana wapi. Hiyo ni moja. Sasa maelfu, usiku mmoja!

#11 Mleta uzi

Ni kweli, ingawa ofisa wao mwenyewe wa reli, Jenerali von Staab, baada ya vita aliudhika na maneno ya Moltke, akatoa hesabu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jeshi ingeweza kupelekwa mashariki. Mambo mawili nayaona: kazi ilikuwa ngumu, na Moltke hakutaka. Usiku wa manane ikaja telegramu ya Mfalme George V kwamba kulikuwa na kutoelewana. Kaizari, akiwa na nguo za kulalia, akamwambia Moltke: sasa fanya utakavyo.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Agosti 2 Ubelgiji inapewa saa 12 ifungue njia, inakataa. Agosti 3 vita na Ufaransa. Agosti 4 Wajerumani wanaingia Ubelgiji, nchi ambayo mkataba wa 1839 uliosainiwa London uliitangaza kutoegemea upande wowote. Uingereza inadai watoke. Saa tano usiku wa London muda unaisha. Bethmann Hollweg alimlalamikia balozi wa Uingereza kwamba mnatupiga kwa ajili ya kipande cha karatasi. Grey naye namlaumu: laiti angesema wazi Julai 26 kwamba Ubelgiji ikiguswa tunaingia, Berlin ingefikiri mara mbili. Akapendekeza mkutano wa mabalozi, Berlin ikaukataa, siku zikapita.

Ukinilazimisha kugawa hatia: Vienna ilitaka vita, ndogo. Berlin iliidhamini ikijua inaweza kuwa kubwa. Urusi iliwahi kushika upanga, Ufaransa haikumshika mkono, Uingereza ilichelewa kusema. Si sawasawa, na ndiyo maana siafiki wanaosema "wote waliteleza tu shimoni". Wengine walisukuma.

#12 Mpemba Halisi

Kaka, naomba kuuliza. Sisi tulisoma kwamba Zanzibar ilibadilishwa na kisiwa cha Heligoland, na kisiwa hicho kina uhusiano na vita hii. Lipo hilo?

#13 Mleta uzi

Lipo, na ahsante kwa kulileta. Mkataba ulisainiwa Julai 1, 1890. "Kubadilishana" ni neno la mitaani, maana Mjerumani hakuwahi kuimiliki Zanzibar. Alichofanya ni kukubali iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza, akaachia na Witu kule pwani ya Lamu. Mwambao wa Tanganyika, uliokuwa wa Sultani, akaulipia mark milioni nne. Naye akapewa Heligoland, mwamba kwenye Bahari ya Kaskazini usiofika hata kilomita mbili za mraba.

Mwaka 1890 ulionekana udugu mtupu. Mwaka huohuo Berlin ikauacha mkataba wake wa siri na Urusi, na ndani ya miaka minne Urusi ilikuwa mkononi mwa Ufaransa. Kisha 1898 Tirpitz akaanza kujenga manowari, 1906 Waingereza wakazindua manowari ya aina mpya, Dreadnought, mashindano yakawaka, na ule mwamba ukageuzwa ngome inayolinda milango ya manowari za Wajerumani. London ikajilaumu.

Kwetu vita ilibisha hodi Agosti 8, siku nne tu: meli ya Kiingereza Astraea ikaipiga Dar es Salaam kwa mizinga, ikilenga mnara wa simu za upepo. Gavana wa Kijerumani, Schnee, alitamani tubaki nje ya vita, akitegemea mkataba wa Berlin wa 1885 unaoruhusu eneo hili kutoegemea upande wowote. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, hakutaka kusikia. Agosti 15 askari wake walikuwa Taveta, upande wa Kenya. Ubishi ule ulimalizika Novemba 25, 1918, Abercorn (Mbala ya leo, Zambia), wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara, na kambi yao Dar ndiyo tunayoiita Kariakoo hadi leo.

#14 Mpemba Halisi

Na hiyo Heligoland sasa iko kwa nani?

#15 Mleta uzi

Kwa Wajerumani. Baada ya vita ya pili Waingereza waliijaza baruti tani 6,700 hivi, Aprili 18, 1947 wakailipua ngome yote. Kisiwa kikabaki, kimebomoka upande mmoja. Siku hizi wanakwenda watalii.